Habari Ziwafikie

"Saa ngapi hiyo?" aliniuliza, na aliniuliza kwa Kiswahili.

Ilikuwa zamu ya usiku, saa nane, katika wodi ya upasuaji ya hospitali moja hapa Ibra. Bibi yule alikuwa amevunjika nyonga kwa kuteleza chooni, akafanyiwa operesheni, na usiku wa pili akaanza kuchanganyikiwa kama wazee wengi wanavyochanganyikiwa baada ya dawa za usingizi. Mchana wote alikuwa akisema Kiarabu na wanawe. Usiku Kiarabu kikamtoka. Wauguzi wenzangu, mmoja kutoka Kerala na mmoja Mfilipino, walikuwa wamesimama pembeni ya kitanda hawaelewi anataka nini. Anawaambia wazime taa, wafunge mlango, wasiseme kwa sauti. Mimi nikasogea.

"Saa nane, bibi."

Akatikisa kichwa. "Hiyo saa yako weye. Redio imesema saa ngapi?"

Nimeanza hapo kwa sababu hapo ndipo na mimi nilipoanza kuijua redio ambayo nimezaliwa na kukulia hatua chache kutoka mlangoni mwake na sikuwahi kuifikiria hata siku moja. Mimi ni mtoto wa Miembeni, Unguja. Diploma ya uuguzi nimesoma nyumbani, nikenda India kuchukua digrii, na kazi nikaipata Oman. Huu ni mwaka wa sita niko Ibra. Wasomaji mlio Leicester au Minneapolis huenda hamjui kwamba katika mji huu wa ndani, kilomita nyingi kutoka baharini, mtu anaweza kwenda soko la wanawake siku ya Jumatano, akainama kuchagua ubani au kitambaa, akasikia nyuma yake vizee viwili vinateta kwa Kiswahili kizuri kuliko chake. Wenyeji wanawaita Zinjibari. Wengine wamezaliwa Unguja na Pemba, wengine wazee wao ndio waliozaliwa huko. Kutoka hizi pande za Sharqiyah na Dakhiliyah, Ibra, Sur, Nizwa na vijiji vya katikati, watu walivuka kwenda Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka mia moja, na wengi wakarudi kwa njia ambazo hawakuzichagua.

Basi turudi kwenye redio.

Sauti ya Unguja ilianza mwaka 1951. Mfalme alikuwa Sayyid Khalifa bin Haroub, aliyekalia kiti tangu 1911, na serikali yenyewe ilikuwa mikononi mwa Mwingereza. Studio iliwekwa Raha Leo, katika jumba la jamii lililojengwa Ng'ambo miaka ya 1940. Hilo la Ng'ambo si jambo dogo. Mji wa Zanzibar uligawanyika: huku Mji Mkongwe wa mawe, kule ng'ambo ya hori nyumba za udongo na makuti za watu wa kazi, wachukuzi, mafundi, mayaya, wavuvi. Wakoloni walipotaka kuonyesha kwamba na watu wa Ng'ambo wanaangaliwa, walijenga jumba la Raha Leo, na redio ikawekwa humo. Sijui kama waliofanya hivyo walijua wanaweka nini mlangoni mwa nani. Miaka kumi na mbili baadaye walijua wote.

Mwaka huohuo wa 1951 Dar es Salaam nayo ilianza matangazo yake. Mombasa walikuwa na Sauti ya Mvita. Kila mji wa pwani ulitaka kujisikia wenyewe. Ilikuwa mitambo midogo kwa vipimo vya leo. Kuna masafa ya kati, yale ambayo kwenye redio za zamani yameandikwa MW au AM. Fundi mmoja wa vifaa vya hospitali, Mhindi anayependa sana mambo haya, alinieleza kwamba masafa ya kati mchana hutambaa chini, yanashika ardhi na hasa yanapenda maji ya chumvi. Ndiyo maana kisiwani na pwani yanafika vizuri. Jua likizama, tabaka moja la juu angani linalonyonya mawimbi hutoweka, na mawimbi yakapanda, yakagonga tabaka lililo juu zaidi na kurudi chini mbali kabisa na yalikotoka. Kwa hiyo redio ndogo ya kisiwa, ambayo mchana inasikika Unguja na Pemba na pwani ya Tanganyika, usiku huenda ikatokea mahali isikotarajiwa. Nilipomsimulia bibi maelezo haya akanijibu kwamba hilo alilijua zamani, kwamba usiku redio huenda mbali, hakujua tu kwamba inapanda kwanza.

Baba yake alikuwa na duka shamba, upande wa kaskazini. Si tajiri. Nataka niseme hili mapema, maana mtu akisikia "Mwarabu wa Unguja" huona mikarafuu elfu. Huyu aliuza mafuta ya taa kwa kibaba, sukari, chumvi, sabuni ya kipande, na deni lake lilikuwa kubwa kuliko duka. Watoto walilala nyuma ya duka. Lakini alikuwa na redio, redio kubwa ya mbao, ile ya kuiwasha ukangoja ipate moto ndipo iseme, na betri yake nzito kama jiwe la kusagia. Jioni aliiweka mlangoni, ikatazama nje. Watu wa kijiji wakija kukaa barazani kusikiliza: wavuvi, wakulima wa mihogo, mwalimu wa chuo, Mhindi mmoja aliyekuja na baiskeli. Mwenye kutaka kahawa akinunua, asiyetaka akisikiliza bure. "Baba akisema redio imemletea wateja wa kukaa, siyo wa kununua," bibi aliniambia, na hapo akacheka kwa mara ya kwanza tangu operesheni.

Nilimuuliza walisikiliza nini. Alianza na saa. Kengele ya saa na msemaji anasema ni saa ngapi, na baba yake anatia saa yake ya mfukoni sawa. Kisha Kurani, habari, bei ya karafuu, hotuba za mabwana shamba. Kisha taarabu. Siti binti Saad alikuwa amefariki Julai 1950, kwa hiyo yeye mwenyewe hakuikuta redio hii, lakini sahani zake, alizoanza kurekodi Bombay mwaka 1928, zilikuwa bado zikipigwa na kila mtu. Waliomfuata ndio waliopata jina kwa redio. Bibi akimtaja Bakari Abeid kama mtu anayemtaja mjomba wake. Zamani, ukitaka kumsikia mwimbaji wa Ikhwani Safaa, chama kilichoanza tangu 1905, ulihitaji mwaliko wa harusi ya watu wenye uwezo. Sasa mke wa mvuvi huko shamba anamsikia huku anapaa samaki.

Na vifo. Hapa nilimuelewa bila kuelezwa, maana kwetu mpaka leo redio ni vifo kwanza. Asiyelelewa Zanzibar haamini nikimwambia kwamba bibi yangu mzaa mama huacha chakula motoni kiungue wakati matangazo ya vifo yanasomwa. Yana namna yake, hayabadiliki. Fulani bin fulani wa mtaa fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani, kilichotokea leo mahali fulani, maziko ni saa fulani, kijiji fulani. Na kisha inakuja orodha. Habari ziwafikie fulani wa Kikwajuni, fulani wa Mkokotoni, fulani wa Chake Chake, fulani wa Dar es Salaam, na ndugu, jamaa na marafiki popote walipo. Kwa dakika moja unapata ramani nzima ya ukoo: nani ameolewa wapi, nani kahamia wapi, nani anatajwa kwanza na nani kasahauliwa makusudi. Ugomvi mkubwa wa familia yetu, ambao sitaueleza hapa, ulitokana na jina moja lililoachwa kwenye tangazo.

Bara nako walikuwa na lao. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na kipindi cha Ugua Pole, cha kuwapa pole wagonjwa mahospitalini. Sisi wauguzi tungependa kirudi. Vitabu vyetu vya kisasa vinasema mzee aliyechanganyikiwa baada ya operesheni asaidiwe kwa vitu anavyovijua: miwani yake, kifaa chake cha masikio, saa inayoonekana ukutani, sauti za watu wake, lugha yake. Hakuna sindano ya kazi hiyo. Ndiyo maana usiku wa tatu nilimwekea simu yangu karibu na mto, sauti ndogo, nikafungua redio ya Zanzibar kwa intaneti. Ilikuwa taarabu ya zamani. Akatulia. Akaniuliza, "Raha Leo hapo?" Nikasema ndiyo, ingawa siku hizi mambo mengi yamehama na jina limebadilika mara kadhaa, ilikuja kuitwa Sauti ya Tanzania Zanzibar, na sasa ni ZBC. Sikuona haja ya kumpa historia saa tisa za usiku.

Ikawa ndiyo kawaida yetu. Jioni nikiingia zamu nampa masalkheri, ananiitikia, anasema, "Haya, mwanangu, tusikilize nani kafa." Wagonjwa wengine wakadhani ni duwa.

Sasa nieleze kosa langu.

Mtu anayefanya kazi kwa zamu hupoteza tarehe. Unajua usiku wa kwanza, usiku wa pili, mapumziko, basi. Siku moja nilipangiwa zamu ya asubuhi, na nilipomaliza kumfunga kidonda na kumkalisha kitini nikamwekea redio yake kama kawaida na kwenda kitanda cha pili. Nikasikia bendi. Nikasikia msemaji anataja viongozi wanaoingia uwanjani. Nikasikia mizinga. Ilikuwa tarehe 12 Januari.

Mnaojua mnajua. Kwa wasiojua, hasa vijana wetu mliozaliwa ughaibuni, nieleze kwa ufupi. Zanzibar ilipata uhuru kutoka kwa Mwingereza tarehe 10 Disemba 1963, ikabaki na Sultani, Sayyid Jamshid bin Abdullah, na serikali ya vyama viwili vilivyounda muungano. Chama cha Afro-Shirazi kilikuwa kimepata kura nyingi zaidi kwa jumla katika uchaguzi wa Julai lakini viti vichache. Mwezi mmoja na siku mbili baada ya uhuru, usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 12 Januari 1964, siku chache kabla ya mwezi wa Ramadhani, vikundi vya watu wengi wao wakiwa na mapanga, marungu na pinde vilivamia kambi za polisi za Ziwani na Mtoni, vikachukua silaha. Na mahali pa tatu pakubwa palikuwa Raha Leo. Aliyeishika redio alikuwa John Okello, mtu wa Uganda, fundi wa ujenzi na mpiga matofali, ambaye Wazanzibari wengi hawakuwa wamewahi kumsikia. Asubuhi alizungumza. Akajitangaza Field Marshal. Akatangaza kwamba serikali imeanguka, na siku zilizofuata akaendelea kutangaza amri na vitisho, vingine vya ajabu, adhabu za mamia ya miaka na mauaji ya kila namna. Sultani aliondoka kwa meli, akaishi Uingereza miaka zaidi ya hamsini. Alirudi Oman mwaka 2020 na kufariki Maskati Disemba 2024. Sheikh Abeid Amani Karume akawa Rais. Okello mwenyewe hakumaliza miezi mitatu akaondolewa kisiwani. Waliouawa siku zile ni maelfu, na wanaohesabu mpaka leo hawakubaliani ni maelfu mangapi.

Nilikimbilia simu. Bibi alikuwa ameshika chuma cha kitanda.

"Leo tarehe ngapi?"

"Kumi na mbili, bibi. Januari. Nisamehe, nilisahau."

"Usizime."

Nikabaki na simu mkononi. Alikuwa anasikiliza kwa kuinamisha kichwa, kama ninavyomwona bibi yangu anavyofanya. Msemaji aliendelea, Kiswahili chake laini cha mjini. Mwishowe akasema, "Huyu ni mtu wa kwetu. Yule hakuwa wa kwetu."

Na akanisimulia. Jumapili ile baba yake aliiwasha redio mapema maana watu walishasikia mambo usiku. Barazani walikuwepo wale wale. Redio ikapata moto, na ikatoka sauti ambayo hakuna aliyeijua, Kiswahili kizito cha mbali, maneno hayakai mahali pake. Wakatazamana. Kabla ya kuelewa kinachosemwa walielewa kwamba anayesema si yule wa kila siku. Alikuwa na miaka kumi na minne, na anasema kilichomtisha kwanza hakikuwa vitisho, ni kwamba saa haikutajwa. Baba yake alishika saa mkononi akingoja aitie sawa.

Watu wa barazani wakaondoka mmoja mmoja. Wawili walirudi usiku kuwaficha, na mmoja alirudi mchana na wenzake kwa jambo jingine. Sitaandika zaidi ya hapo. Aliniomba nisiandike, na familia imenikubalia niandike haya kwa sharti hilo na kwamba nibadilishe mambo madogo ili wasijulikane. Itoshe kwamba yeye na mama yake walifika Dubai mwaka huohuo, baba hakufika, na Oman waliingia miaka ya 1970.

Alipomaliza akaniuliza, "Weye ni wa mtaa gani? Hukuniambia."

Ni kweli sikumwambia. Nilikuwa nikisema mjini tu.

"Miembeni, bibi."

"Ng'ambo."

"Ng'ambo."

"Bibi yako alikuwepo siku ile?"

"Alikuwepo."

"Alifurahi?"

Tunafundishwa kumtuliza mgonjwa. Ningeweza kusema alikuwa mdogo, hakumbuki. Lakini bibi yangu anakumbuka vizuri. Alikuwa yaya Mji Mkongwe, akipita mlango wa nyuma, na baba yake alikuwa mchukuzi bandarini, na aliniambia tangu mdogo kwamba asubuhi ile walisimama nje ya Raha Leo wakilia kwa furaha, kwamba waliambiwa sasa na wao ni watu. Baadaye serikali ikajenga yale majumba marefu ya Michenzani, na dada yake akapata fleti. Yeye haoni haya kusema hivyo, na haoni haya vilevile kusema kwamba wiki ile jirani yao mshona kofia aliuawa, na kwamba hakuna aliyemzika kwa heshima. Yote mawili huyasema kwa pumzi moja. Mimi nimekua nikiyasikia pamoja, sikujua kwamba kuna watu waliobakiwa na moja tu.

"Alifurahi," nikasema.

Akaomba maji.

Jioni mwanawe alikuja juu. Alikuwa ameambiwa na mgonjwa wa jirani kwamba mama yake alilia, ingawa mimi sikumwona akilia. Akaniuliza kwa Kiarabu nani kaniruhusu. Mkubwa wa zamu akaniita pembeni na kunionya kwamba simu za wafanyakazi si za wagonjwa. Walikuwa na haki wote wawili. Siku mbili zilizofuata bibi alinijibu kwa Kiarabu, adabu kamili, kama anavyomjibu mfagiaji. Nimewahi kutukanwa na wagonjwa, nimewahi kutapikiwa, lakini ule ubaridi uliniuma kuliko hayo.

Siku za mapumziko nikaenda Sur na rafiki zangu ili nisifikirie. Tulipita kuiona Fatah al-Khair, jahazi kubwa liliojengwa hapohapo Sur mwaka 1951 na kurudishwa kutoka Yemen mwaka 1993, sasa limekaa nchi kavu kwa watalii. Nikasimama nikiihesabu ile miaka. Mwaka redio inaanza Raha Leo, huku mafundi wa Sur walikuwa bado wanapigilia misumari majahazi ya kwenda Unguja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Habari za vifo zilikuwa zikija kwa jahazi, miezi mitatu, minne. Mke akijua kwamba ni mjane eda ikiwa imekaribia kwisha. Tukaendelea kusini kuelekea Al Ashkharah, na huko A'Seela, jangwani kando ya bahari, nikaona milingoti mirefu ya chuma imesimama yenyewe. Nikaambiwa ni mitambo ya BBC. Kwanza ilikuwa kisiwa cha Masirah, ikahamishiwa hapo mwaka 2002, na inarusha masafa ya kati na mafupi kuelekea Ghuba na Asia. Sauti ya London inapandia Sharqiyah. Idhaa ya Kiarabu ya BBC, iliyoanza 1938, ilifunga matangazo yake ya redio Januari 2023. Milingoti ipo.

Oman yenyewe haikuwa na redio ya taifa mpaka 1970. Sultan Qaboos alishika nchi tarehe 23 Julai, na kabla ya mwezi kwisha redio ilikuwa hewani kutoka Bait al Falaj, na mtambo mdogo. Alitaka Waomani walio nje warudi, na redio ilikuwa njia mojawapo ya kuwaambia. Watu wa Zanzibar waliokuwa wametawanyika Dubai, Kuwait, Cairo, Mombasa wakaja, na wale waliosoma katika skuli za Unguja walihitajika sana, maana nchi haikuwa na walimu wala makarani wala wauguzi. Bibi wangu yule alifanya kazi ya ukarani zahanati moja kwa miaka ishirini na kitu. Hakuniambia yeye, nililiona kwenye faili lake. Nilikuwa nikimhudumia mtu wa kazi yangu sijui.

Niliporudi kazini aliniita kabla sijavaa glavu.

"Iko wapi redio?"

Nikamwambia nimekatazwa.

"Mwambie mwanangu nimesema mimi." Kisha akageukia dirisha. "Kipindi cha vifo tu. Bendi sizitaki."

Mwanawe alileta kiredio chake mwenyewe, kipya, na kwa kuwa hakikupata kitu zaidi ya Kiarabu akanunua simu ya pili na kumwachia mama yake. Ni mtu mzuri. Kiswahili anakielewa chote lakini hakisemi, kama watoto wetu wengi huko mliko. Ukimuuliza kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiarabu, na jibu ni sahihi. Wajukuu hawana hata hicho. Zamani, mafundi wa masafa mafupi walikuwa wakitusimulia kwamba mtambo wa Dole, ule wa kilohezi 11735, ulikuwa ukisikika Ghuba na mpaka Ulaya, na wazee wa Nizwa na Ibra wakiutafuta jioni kwa kuzungusha kidole polepole. Kwenye simu hakuna cha kuzungusha. Mjukuu wake mmoja alimwekea, akaandika jina la redio kwa herufi za Kiarabu, akaweka na picha ya mnazi.

Aliruhusiwa kurudi nyumbani Februari, anatembea kwa fremu. Ninakwenda kumwona kila nikipata Ijumaa. Safari ya kwanza alinipa kalamu.

"Ukifa mtu wa Oman siku hizi, wanatia kwenye WhatsApp, basi. Mimi nataka nisomwe. Raha Leo. Andika."

Nikamkumbusha kwamba ni redio ile ile. Akasema anajua ni ile ile, ndiyo maana. Mwanawe alikuwa amekaa pale mlangoni, akaangalia chini, hakusema kitu kwa lugha yoyote.

Nikaandika. Jina lake na la baba yake, na la duka, maana anasema bila duka hakuna atakayejua. Kisha habari ziwafikie. Akafumba macho akawataja: mtoto wa mwalimu wa chuo, wa wapi, Mhindi wa baiskeli au wanawe, wale wawili waliorudi usiku, majina kamili na kijiji, binti aliyekaa naye dawati moja skuli. Nilipiga simu kwa binamu yangu Unguja aulizie. Katika kumi na moja, wanne wamekwisha kufa, watatu hawajulikani. Nikamletea habari, tukawafuta wale wanne, akawaombea. Ijumaa iliyofuata aliniambia nimuongeze mmoja wa Miembeni.

"Nani, bibi?"

"Bibi yako weye. Nipe jina lake sawasawa, na nyumba ipo karibu na nini."

Nikampa. Karatasi iko kwenye mkoba wangu wa kazini, imekunjwa mara nne. Bibi yangu nimemwambia ametajwa. Alinyamaza kidogo kwenye simu, redio inasema nyuma yake, kisha akaniuliza huyo mama ni mtu wa wapi hasa, kaskazini ipi, na duka la baba yake lilikuwa upande gani wa njia.